Shajara ya mradi: jicho la Ami na ngazi za chokaa

Jumamosi, 11 Januari

Naanza kuandika leo kabla sijasahau mambo yalivyoanza. Wanaonijua wanajua kazi yangu: natengeneza simu na redio hapa mtaa wa Langoni, Lamu, na msimu wa harusi ukifika nachukua video. Kupima macho ya watu hakumo. Kumekuja kwenyewe, kwa Ami kuanguka ngazi.

Ami alikuwa nahodha, sasa ana miaka 70 na ushei. Wiki iliyopita, baada ya magharibi, alikosa daraja la mwisho nyumbani kwake, akakaa kitako sakafuni mbele ya wajukuu. Akapelekwa kliniki moja, akasimamishwa mbele ya chati ya herufi, akasoma mpaka mstari wa 6/9, yaani alichokiona yeye kwa mita 6, mwenye macho makali hukiona kwa mita 9. Si vibaya. Akaambiwa kwa umri wake macho ni mazima, atafute viatu visivyoteleza.

Leo barazani bado amefura. "Herufi naziona, nani kasema sizioni? Nyeusi ti, juu ya nyeupe pe. Lakini ngazi na sakafu ni chokaa moya. Au na ngazi nazo zitiwe wino? Na mtoto akinijia na taa ya simu, ndia yote yawa maziwa."

Kauli ya wino imenikaa kichwani. Chati ile, tangu Herman Snellen alipoitengeneza Utrecht, Uholanzi, mwaka 1862, inauliza swali moja tu: herufi iwe ndogo kiasi gani ndipo ikushinde? Wino wake ni uleule kuanzia juu hadi chini. Ami ana swali jingine. Ngazi ni kubwa, hata mtoto anaiona, ila imefanana na kilicho nyuma yake. Tofauti hiyo ya giza na mwanga nitaiita kontrasti. Sisi watu wa televisheni tumeizoea, ina kitufe chake kwenye rimoti.

Jumanne, 14 Januari

Siku tatu za kusoma, wateja wakilalamika. Nilichotafuta kipo tangu mwaka 1988: chati ya Pelli-Robson, ya Denis Pelli, John Robson na Arnold Wilkins. Herufi zote zina ukubwa mmoja, karibu sentimita 5, nawe unakaa mita 1. Kinachopungua ni wino. Kila herufi tatu zinafifia hadi karibu asilimia 71 ya zile zilizotangulia, mpaka zinamezwa na karatasi. Mwenye macho mazima huishia mahali fulani kati ya asilimia 1 na 2.

Nilifikiria kuichapisha dukani. Printa yangu haijui kijivu, inajua vidoto vyeusi tu, na ukisogea karibu unaviona vimetawanyika kama pilipili manga. Kwa hiyo itakuwa skrini.

Niliyemfurahia zaidi katika kusoma ni Otto Schade, mhandisi wa televisheni wa kampuni ya RCA huko Marekani. Yeye alitaka kujua picha inaharibika wapi kati ya kamera na mtazamaji, akaamua kulipima na jicho kama kifaa kimojawapo katika ule mnyororo, kwa mistari ya giza na mwanga, na mwaka 1956 akachapisha alichopata. Nimejiona nina haki ya kuingia katika jambo hili kupitia mlango wake.

Jumapili, 19 Januari

Hesabu ya kiti. Sitaki herufi za kusoma, maana si kila mzee atakayekuja amesomea A, B, C. Natumia E inayogeuka: meno yake yanaelekea juu, chini, kulia au kushoto, nawe unasema yanaelekea wapi. Ina pande tano za unene mmoja, meno matatu na mianya miwili, kwa hiyo kwenye skrini lazima ukubwa wake ugawanyike kwa 5, la sivyo jino moja litanenepa kuliko jingine.

Laptopu yangu ni ya inchi 14, pikseli 1366 kwa 768. Kila pikseli ina milimita 0.227. E ya mstari wa 6/6 inatakiwa ijaze dakika 5 za pembe kwenye jicho (digrii moja ina dakika 60). Ukikaa mita 3 kamili inatoka pikseli 19 na kidogo, uchafu mtupu. Nikageuza swali: E iwe pikseli 20, kiti kiwekwe wapi? Jibu ni mita 3 na sentimita 12. Nimepiga msumari sakafuni mwa duka. Faida ya ziada ni kwamba hapo digrii moja ya jicho inakuwa pikseli 240 barabara, namba inayogawanyika kwa karibu kila kitu. Nilicheka peke yangu.

Jumamosi, 25 Januari

Skrini nayo ni shahidi wa kuhojiwa kabla ya kuaminiwa. Ukiiambia 128 katika 255 haitoi nusu ya mwanga, inatoa kidogo zaidi ya robo. Sina kipimo cha mwanga, nikatumia ujanja wa macho: upande mmoja mistari myembamba, mmoja mweusi mmoja mweupe, upande wa pili kijivu kitupu. Ukisogea nyuma mistari inachanganyika na kuwa nusu ya mwanga kwa lazima, kisha unapandisha kijivu mpaka vifanane. Kwa gama (namba inayoeleza skrini inavyogeuza namba uliyoipa kuwa mwanga) ya 2.2 inayotajwa kila mahali ningepata 186. Nimepata 180, maana yake gama ya skrini hii ni 2 hivi. Nimerudia mara tano.

Halafu kaingia mpwa wangu, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mjomba, mbona mimi naona ziko mbali?" Nikainama pale alipo: kweli. Skrini za bei yangu hubadilika rangi ukizitazama kutoka chini. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa ya urefu wangu mimi nikiwa nimesimama. Sasa laptopu imepanda juu ya kreti mbili za soda, katikati ya skrini ikiwa sawa na macho ya anayekaa, na kabla ya kipimo napima kwanza kwa uzi.

Jumamosi, 1 Februari

Hapa ndipo mradi ulipotaka kufa.

Skrini ina ngazi 256 za mwanga. Zinaonekana nyingi, lakini kutoka 255 kushuka 254 mwanga wa skrini yangu unapungua kwa takriban asilimia 0.8. Ngazi inayofuata ni 1.6. Basi. Jicho zima linaishia hapohapo kati ya 1 na 2, ni kama kupima dhahabu kwa mizani ya muuza viazi.

Pelli yuleyule, pamoja na Zhang, waliondoa tatizo hili mwaka 1991 kwa njia ambayo fundi yeyote ataipenda: waya za nyekundu, kijani na buluu zinazoingia kwenye kioo cha rangi moja ziliunganishwa pamoja kupitia rezista. Waya mmoja unabeba ngazi kubwa, nyingine zimedhoofishwa zibebe ngazi ndogondogo za katikati. Ngazi 256 zinakuwa maelfu. Ninacho kioo cha zamani cha kompyuta, kile cha mgongo mrefu, nilichookota ofisi moja ilipohama. Nikachomelea rezista Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi kiliwaka, kikanguruma, kikanuka. Chumvi ya bahari ilikuwa imeshakula ndani miaka mingi kabla yangu. Nimekitoa nje, paka amelala juu yake.

Njia iliyonifaa haina waya. Rémy Allard na Jocelyn Faubert waliieleza mwaka 2008: tumia chengachenga. Nikitaka mwanga wa 254.4, ambao haupo, programu inarusha kura kwa kila pikseli. Nne katika kumi zinapata 255, sita zinapata 254, bila mpangilio. Kwa mita 3.12 pikseli moja ni robo ya dakika ya pembe, jicho haliwezi kuitenga, linachanganya zote na kuona 254.4. Maisha yangu yote nimelipwa kuondoa chenga kwenye picha za watu. Leo nimezitia kwa mkono wangu na picha imekuwa bora.

Jumamosi, 8 Februari

Ami amekuja na kofia yake ya vito na chupa ya kahawa. Nikamweleza: mzee, meno ya E yakielekea juu sema juu, na kadhalika.

"Yuu," akasema. "Yuu. Tini." Kulia na kushoto zikamchosha, akaanza kuzichanganya, mara akaamua mwenyewe kwamba skrini ni chombo. Juu ikawa omo, yaani mbele ya chombo, chini ikawa tezi, yaani nyuma. Nikamwuliza, na za pembeni? "Hizo ni goshini na demani." Yaani upande unaopigwa na upepo na upande wa pili wake. Zipi ndizo zipi? Akanitazama kwa huruma. "Nambie kwanza upepo watoka wapi."

Tumekata E ya kadibodi. Anaishika mkononi na kuigeuza ifanane na anachokiona, mimi naandika. Hakuna neno linalohitajika, na nadhani nitawafanyia wote hivyo.

Kosa langu la leo lilikuwa jingine. Nilitumia mtindo wa ngazi: akipatia mara mbili kontrasti inashuka, akikosa mara moja inapanda. Kulifikia jibu la kuaminika kulichukua maswali 70 kwa jicho moja. Kwenye la 50 alikuwa anajibu ili amalize. Ameondoka akinung'unikia tena taa za simu za watoto. Nikamwambia hilo tutaliangalia baadaye.

Jumamosi, 15 Februari

Nimebadilisha hesabu. Andrew Watson na Pelli (ndiyo, yeye tena) walitoa mwaka 1983 njia iitwayo QUEST. Programu inaanza na dhana ya mahali kizingiti kilipo, yaani kontrasti ndogo kabisa ambayo mtu bado anaiona, na kila jibu linaibana dhana hiyo. Swali linalofuata linawekwa pale panapofundisha zaidi. Inajua pia kwamba mtu anayebahatisha E atapatia moja katika nne. Maswali 30, jicho moja, dakika nne.

Mimi: asilimia 1.5 kila jicho. Ami: jicho la kushoto asilimia 4, la kulia asilimia 7. Nimerudia baada ya kahawa, la kulia likatoa 7 tena.

Kwa hiyo mzee aliyeambiwa macho mazima anahitaji kitu kiwe na kontrasti zaidi ya mara nne ya ninayohitaji mimi ndipo akitambue. Mimi si daktari na sitoi jina la ugonjwa. Lakini nimemwambia mwanawe apelekwe kwa daktari wa macho mwenyewe, siyo kwa mwenye chati. Mwanawe kasema, "Si alishapimwa?"

Jumamosi, 22 Februari

Namba haikumshtua mtu. Nikaona picha itawashtua.

Kuna Eli Peli wa Boston (Peli wa l moja, si Pelli wa New York wa l mbili, nilipoteza saa nzima nikidhani ni mtu mmoja) ambaye tangu miaka ya 1980 amekuwa akishughulikia picha za watu wenye uoni hafifu. Anaigawa picha katika tabaka kwa ukubwa wa vitu vilivyomo, kisha katika kila tabaka kinachozidi kizingiti cha mtazamaji kinabaki, kisichozidi kinafutwa. Kinachobaki ni kile kinachomfikia mtu huyo.

Ila kizingiti kimoja hakitoshi, kinahitajika cha kila tabaka. Nikampima tena Ami kwa mistari ya giza na mwanga, 1, 2, 4 na 8 kwa kila digrii ya jicho. Macho mazima, kwenye mwanga mzuri, ni hodari zaidi karibu na mistari 3 hadi 5. Vitu vipana sana vinayachosha kama vilivyo vyembamba sana. Kwa Ami, kilele hicho kimebaki kilima kidogo.

Tabaka nimezitenga kwa piramidi ya Burt na Adelson ya mwaka 1983: unaitia picha ukungu, unaitoa ile yenye ukungu kutoka kwenye ya asili, kilichobaki ni tabaka la kwanza, unaipunguza nusu na kurudia. Kwa lugha ya jikoni ni chekecheke za matundu tofauti zilizopandana. Python (lugha ya programu) na OpenCV (zana zake za picha) zinafanya kazi, laptopu inafoka. Video ya sekunde 10 ina fremu 300, kila fremu sekunde moja na nusu, jumla dakika saba na nusu, feni ikilia kama mashine ya kusaga.

Nilichorekodi ni kichochoro kutoka Mkunguni kupandia kwao, saa kumi na mbili na nusu jioni, hadi ngazi zenyewe. Baada ya kichujio kuta zimebaki, punda amebaki, milango imebaki. Madaraja ya ngazi hayapo. Pamekuwa mteremko mmoja laini wa kijivu. Mwanawe alitazama mara mbili, ya pili akasimamisha video pale babake alipoangukia. Hakusema kitu. Jumatatu wanakwenda kwa daktari.

Tahadhari kwa atakayejaribu: video ile nilimtumia dada yangu Mombasa kwa WhatsApp, akasema haoni tofauti kubwa kati ya asili na iliyochujwa. Bila shaka. Kwanza kaitazama kwenye simu kwa umbali wa mkono, ambako tabaka zote zimehama. Pili, kubana video nako ni kuchuja. Hutupwa kwanza vile vitu vififu ambavyo jicho halitavidai. Kabla yangu kulikuwa na kichujio kingine.

Jumatano, 5 Machi

Ramadhani. Kazi nusu siku, usingizi nusu siku. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekomaa zaidi. Upasuaji baada ya Idi.

Jambo moja la kuandika. Ami alikuwa miongoni mwa waliosimama ufukweni kutafuta mwezi mwandamo, na zamani alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Miaka hii mitatu minne hunyamaza na kungoja wengine. Mwezi wa siku ile ni uzi mwembamba kwenye anga ambalo bado lina mwanga, kinachoupoteza ni kontrasti. Ningemuuliza mapema ningejua tatizo lilianza lini bila skrini yoyote.

Jumamosi, 12 Aprili

Jicho la kulia limefanyiwa juzi. Alipouliza watamtia nini, nilimsimulia kisa cha Harold Ridley, daktari wa London. Wakati wa vita aliona marubani walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, na jicho lilivivumilia bila kuvimba. Mwaka 1949 akamtia mgonjwa lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Ami akafikiri kidogo. "Basi nami n'na kioo cha ndege." Kesho yake mji mzima ulikuwa na habari hiyo.

Jumamosi, 3 Mei

Siku kubwa, na siku ya kuaibika.

Nimegundua kwamba sasa Ami ni kipimo ambacho hakipatikani dukani: jicho moja jipya, jingine la zamani, kichwa kimoja. Anaweza kufumba la kulia, akaitazama video ya asili kwa jicho la zamani, kisha akafumba la kushoto na kuitazama iliyochujwa kwa jicho jipya. Kichujio kikiwa sahihi, viwili hivyo vifanane. (Jicho jipya limepima asilimia 1.8, kwa hiyo linatosha kuwa hakimu.)

Havikufanana hata kidogo.

"Hapa umenifutia vitu," alisema juu ya video yangu. "Mimi sikufutiwa. Mimi nimefunikwa." Nikamwambia afafanue. Akachukua mtandio wa mjukuu wake, mweupe, wa kupenya mwanga, akautandaza mbele ya skrini. "Hivi. Na jua likipiga, hivi," akaukunja ukawa mara mbili.

Ndipo nikakumbuka maziwa. Alishaniambia tangu siku ya kwanza barazani, nikaandika mwenyewe humu, halafu nikalipita. Mtoto wa jicho hutawanya mwanga ndani ya jicho. Mwanga wa taa au anga unamwagika juu ya picha yote, weusi unakuwa kijivu, na tofauti inapungua kila mahali kwa pamoja. Kizingiti nilichopima ni cha kweli, lakini mimi nilikitafsiri kama mkasi, kumbe ni utando. Na utando huo unanenepa kila taa inapokuwa mbele yake, jambo ambalo kichujio changu hakilijui kabisa.

Nimeandika upya palepale, akinywa kahawa. Kila fremu inachanganywa na wastani wake wa mwanga, kiasi cha mchanganyiko kikiwa kwenye kitufe cha kuburura. Nikaongeza kitufe cha pili, cha kupunguza buluu, maana lenzi ya uzeeni huwa ya manjano. Tangu bandeji itolewe Ami amekuwa akishangaa kikoi alichokuwa akikiita cha kijivu. Nikampa kipanya. Anafumba hili, anaburura, anafumba lile, anaburura, kama anayelegeza na kukaza kamba ya tanga. Utando akauacha kwenye asilimia 45. Buluu akaipunguza kwa theluthi. Kile kichujio changu cha tabaka, kazi ya wiki nzima, akakirudisha karibu na sifuri.

Jumapili, 4 Mei

Utando bado ni wa sare. Sasa natakiwa kuufanya ufuate taa. Wazo: nitenge sehemu zinazowaka zaidi katika fremu, nizitie ukungu mpana sana, kisha niujumlishe juu ya picha. Kwa video ya kichochoro haitajulikana kama nimepatia. Inabidi nirekodi mpya, usiku, mtoto akija na taa ya simu.

Tatizo ni kalenda. Jicho la kushoto litafanyiwa tarehe 20 mwezi huu, na likishafanyiwa hakuna tena wa kunilinganishia. Jana usiku nilijikuta natamani wasogeze tarehe. Nikamwambia Ami, kwa kuwa si jambo la kumficha. Akasema kama nataka jicho bovu, Lamu imejaa, nami nitoke dukani nikatafute. Yeye ananipa siku 16. Mjukuu wake ameshachajiwa simu. Tunarekodi leo baada ya isha.